Mwongozo kamili: jinsi ya kujua piano au kinanda cha zamani ulichokikuta Tanga kilitengenezwa lini na kilifikaje

Naandika hii kwa sababu picha ninazotumiwa ni zilezile. Mtu kakuta piano kwenye nyumba ya urithi kule Chumbageni, au kanisani, au ogani ya umeme imefunikwa turubai kwenye stoo ya klabu Ngamiani, anapiga picha moja ya mbele, anatuma na swali "hii ya mwaka gani na inauzwaje?" Mbele hakuna jibu ndugu yangu, mbele kuna mbao na vumbi tu.

Wengine wanagugo jina lililoandikwa juu ya vibonyezo wanarudi wamefurahi, "ni ya 1853!" Huo ni mwaka kampuni ilipoanzishwa. Steinway & Sons, Bechstein na Blüthner zote tatu zilianzishwa 1853, kwa hiyo kwa hesabu hiyo Tanga nzima ina piano za mwaka mmoja.

Shika jambo moja tu kabla hatujaanza: chombo kina historia mbili, ya kiwandani na ya hapa, na ushahidi wa moja haujibu nyingine. Piano inaweza kuwa imetengenezwa Leipzig 1908 ikashuka bandarini Tanga 1955, imeshapita kwa watu kadhaa huko katikati. Daftari lako ligawe kurasa mbili toka mwanzo, ukichanganya tu umeharibu kazi.

## Vitu vya kuwa navyo

- Tochi, na simu yenye kamera inayokamata maandishi madogo
- Bisibisi za aina zote mbili, bapa na nyota
- Brashi laini ya rangi (mpya, sio iliyopaka ukuta) na kitambaa kikavu
- Barakoa na glavu
- Bakuli au vifuko vya kuwekea skrubu
- Daftari na penseli
- Mtu wa pili, huyu sio hiari
- Kama ni chombo cha umeme, fundi redio mwenye mita

Barakoa usiidharau. Ndani ya vibonyezo vya piano nyingi kuna vipande vya risasi vya kuweka uzito, na kwenye unyevu huu wetu wa pwani risasi inatoa unga mweupe ambao ni sumu. Ukiongeza ukungu kwenye vitambaa na kinyesi cha panya, utaelewa kwa nini nimeweka kwenye orodha.

## Hatua ya 1: Jua umeshika nini

Watu wanaita kila kitu kinanda, sawa, ila utafutaji unatofautiana. Fungua mfuniko wa juu uangalie. Ukiona nyuzi na nyundo, hiyo piano. Ukiona mifuko ya upepo na vijiulimi vya shaba, na chini kuna pedali mbili za kukanyagia, hiyo harmoniamu, na hizi makanisani ziko nyingi kuliko piano. Ukiona waya, transfoma na bodi, hicho cha umeme, ruka mpaka hatua ya 5.

## Hatua ya 2: Piga picha kabla hujagusa

Piga kila upande, hata kama pamechafuka, hasa kama pamechafuka. Vumbi lenyewe linaonyesha kitu kimekaa wapi muda mrefu, na stika iliyonyauka ukiisugua kwa kitambaa chenye maji imekwenda na hairudi. Nimeshaona stika ya duka ikiyeyuka mkononi mwa kijana aliyekuwa anasaidia kusafisha, na ilikuwa ndo karatasi pekee ndani ya chombo kile.

Kuivuta piano kutoka ukutani: fremu ya chuma iko nyuma, kwa hiyo uzito wote uko nyuma, na piano ya wima inafika kilo 200 mpaka 300. Ikianza kulalia huko usijaribu kuizuia, kimbia. Ndo maana nikasema mtu wa pili, na watoto wakae nje.

## Hatua ya 3: Tafuta serial namba, na uijue ni ipi

Serial ni namba ambayo kiwanda kiliipa kila chombo peke yake. Hapa ndo wengi wanapokwama. Namba zipo, tena nyingi, tatizo unaokota isiyo yenyewe.

Inua mfuniko wa juu, mulika tochi ndani. Angalia kwa mpangilio huu: kwenye fremu ya chuma sehemu ya juu, kulia na kushoto, kwenye ubao wa juu nyuma ya nyuzi, imepigwa muhuri au kuchomwa, kwenye ubao wa nyuma ya piano, na ubavuni mwa kibonyezo cha kwanza kabisa upande wa besi. Hicho kibonyezo kukitoa lazima utoe kwanza ubao wa mbele na ule mwembamba unaovikandamiza vyote, na ukiona huna uhakika mwachie fundi.

Sasa namba za kuzitilia shaka. Namba iliyotokeza juu kama sehemu ya chuma chenyewe, yaani ilimiminwa pamoja na fremu, mara nyingi ni ya umbo la fremu, na piano kibao zina namba hiyohiyo. Namba yenye neno "Patent" karibu ni ya hakimiliki ya uvumbuzi. Namba kwenye mashine ya nyundo ni ya aliyetengeneza mashine, ambaye aghalabu ni kiwanda kingine kabisa: ukiona Schwander au Renner pale ndani usiniambie piano yako ni ya Schwander. Hao walitengeneza mashine za nyundo, mmoja Paris mwingine Stuttgart, wakawauzia viwanda vya piano huku na huku.

Serial yenyewe kwa kawaida imepigwa muhuri au kupakwa wino, ina tarakimu nne mpaka sita, na ikirudiwa sehemu mbili tofauti ndani ya chombo basi hapo umeipata. Namba moja iliyoonekana mahali pamoja iandike lakini weka alama ya kuuliza.

Onyo la nguvu: usilegeze pini za nyuzi eti uone vizuri. Nyuzi zote kwa pamoja zinavuta fremu kwa nguvu ya tani kama 18 hadi 20. Pini ikishalegea kwenye ubao uliokula unyevu wa Tanga haishiki tena.

## Hatua ya 4: Alama nyingine, ujenge mipaka miwili

Hata ukiwa na serial, na hasa ukiwa huna, unatafuta mipaka miwili: haiwezi kuwa kabla ya mwaka fulani, haiwezi kuwa baada ya mwaka fulani. Kila alama inasogeza ukuta mmoja.

Medali zilizochorwa juu ya vibonyezo au ndani ya mfuniko, tafuta ya mwisho. Medali ya Paris 1878 maana yake piano haiwezi kuwa ya kabla ya 1878, haimaanishi ni ya 1878. Viwanda viliendelea kujisifia medali moja miongo na miongo.

"Made in Germany" kwa Kiingereza: sheria ya Uingereza ya 1887 ndo ilileta maandishi hayo, kwa hiyo weka ukuta hapo. Herufi D.R.G.M. (alama ya Kijerumani ya ubunifu uliosajiliwa) zinakupeleka 1891 au baadaye. "Made in West Germany" ni kati ya 1949 na 1990. Namba ya patent ya Uingereza inayozidi 100,000 ni ya kuanzia 1916, maana mwaka huo walianza kuhesabu upya kwa mfululizo, kabla ya hapo kila mwaka ulikuwa na hesabu yake.

Mpangilio wa nyuzi nao unasema, ila kwa sauti ndogo. Nyuzi za besi zikikatiza kwa mshazari juu ya zingine, huo ni mpangilio wa kisasa zaidi. Zikiwa zimenyooka zote sambamba, na juu ya nyundo kuna msitu wa vijiwaya, mara nyingi ni piano ya bei rahisi ya Kiingereza ya mwisho wa karne ya 19 au mwanzo wa ya 20. Hesabu vibonyezo pia, 85 inaelekea zamani na 88 inaelekea karibuni, lakini viwanda vingine viliendelea na 85 muda mrefu, usijenge nyumba juu ya hilo.

Kitu kinachonifurahisha mimi ni skrubu za shaba. Viwanda vya Ulaya vilikuwa na piano maalumu za nchi za joto, maungio yamefungwa kwa skrubu na vibati vya shaba kwa sababu gundi ya wanyama inaachia kwenye joto na unyevu. Ukiona hivo, chombo kilitengenezwa kikijua kinakuja huku. Huku wapi? Inaweza kuwa India pia, kikaja Tanga na familia baadaye. Kwa hiyo inaingia ukurasa wa kiwandani.

### Vibonyezo vya pembe, hapa uwe makini

Pembe ya ndovu mara nyingi imepachikwa vipande viwili kwa kila kibonyezo, utaona mstari mwembamba wa maungio pale sehemu pana ya mbele inapokutana na mkia mwembamba, na ukimulika kwa pembeni kuna mawimbi ya asili yasiyofanana kibonyezo na kibonyezo. Cha plastiki au seluloidi ni kipande kimoja, na mistari yake kama ipo imenyooka kama ya daftari.

Usijaribu kwa sindano ya moto kama mafundi wengine wanavyofanya. Seluloidi inawaka, tena haraka.

Kingine ni sheria. Nyara za serikali hazina mchezo nchi hii, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 ipo, na biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini) wa 1989 ambao Tanzania yenyewe ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoupeleka. Usibandue, usiuze, usisafirishe kabla hujaenda kuuliza TAWA (mamlaka ya wanyamapori) au ofisi ya maliasili. Pembe nyingi zilizopita Bagamoyo na Zanzibar zilikwenda Connecticut, Marekani, kwenye miji ya Deep River na Ivoryton, zikakatwa kuwa vibonyezo. Usije ukasema "hii pembe ilitoka hapahapa ikarudi". Stori tamu, lakini kwa kuangalia kibonyezo huwezi kuithibitisha.

## Hatua ya 5: Vyombo vya umeme

Tanga ndo mji wa Atomic Jazz, Jamhuri Jazz na Black Star Musical Club, kwa hiyo kukuta kinanda cha zamani cha umeme stoo sio ajabu. Ajabu ni watu wanavyokichomeka kwenye soketi kabla hata ya kusoma kibati cha nyuma!

Usichomeke. Soma kibati kwanza. Umeme wetu ni volti 230, saiko (Hz) 50. Kikiandikwa 100V kilitengenezwa kwa soko la Japani, 117 au 120V kwa saiko 60 ni soko la Marekani, na kukichomeka moja kwa moja unapata moshi. Kikiandikwa 220 mpaka 240 kwa saiko 50 basi kilitengenezwa kwa soko linalofanana na letu, na hiyo tayari ni habari ya kuandika.

Ogani ya Hammond ya magurudumu, zile zilizotengenezwa kuanzia 1935 mpaka katikati ya miaka ya 1970, ina jambo la ziada. Sauti yake inategemea mwendo wa mota, na mota inafuata saiko za umeme. Ile ya saiko 60 hata ukiipa transfoma ya kushusha volti, kwenye saiko 50 inashuka kama nusu-toni tatu, yaani unabonyeza Do inasikika La ya chini yake. Mtu akikwambia "ogani yetu imeharibika, haiendani na magitaa", inawezekana haijaharibika kabisa, ni mzaliwa wa Marekani.

Kufungua, mwachie fundi redio, na akae nayo bila umeme kwanza kisha atoe chaji ya kapasita, hasa kama ni ya vali (zile taa za kioo za redio za zamani), maana ile inashika volti za kuua hata ikiwa imechomolewa. Ikifunguliwa wewe kazi yako ni kamera. Tafuta haya:

Aina ya vifaa. Vali, transista, au aisii (chipu, IC). Huo ni mpangilio wa umri, japo wa jumla.

Tarehe kwenye aisii. Kwenye mgongo kuna maandishi mistari miwili, mmoja ni jina la kifaa, mwingine una tarakimu nne kama 7823: mwaka 1978, wiki ya 23. Kusanya nyingi, chukua iliyo ya karibuni zaidi, chombo hakiwezi kuwa kilitoka kiwandani kabla ya hapo. Ikiwa moja tu imetofautiana na wenzake kwa miaka kumi, na risasi yake ya kulehemu inang'aa kuliko zingine, hiyo kaiweka fundi.

Tarehe kwenye voliumu za Kimarekani. Tarakimu tatu za mwanzo ni kiwanda, 137 ni CTS na 304 ni Stackpole, zinazofuata ni mwaka na wiki. Mfano 137-7412.

Kwenye piano za umeme za Rhodes kuna muhuri ndani, lakini angalia mtego: pale wiki inatangulia mwaka. 3276 ni wiki ya 32 ya 1976. Halafu jina la mbele likiwa Fender Rhodes ni mpaka 1974, likiwa Rhodes peke yake ni baada ya hapo.

Kwa Yamaha, soma jina la kampuni kwenye kibati. "Nippon Gakki" ni kabla ya 1987, ndo mwaka walipobadili jina kuwa Yamaha Corporation. Na tundu la MIDI (la kuunganisha kinanda na kinanda kingine au kompyuta) nyuma linakuweka mwisho wa 1982 au baadaye, ila lazima liwe limeandikwa MIDI, kwa sababu matundu ya pini tano yalitumika kwa sauti tu miaka mingi kabla.

## Hatua ya 6: Peleka namba kwenye orodha

Sasa ndo unaingia mtandaoni, sio kabla. Andika jina la kiwanda pamoja na namba, tafuta orodha ya serial kwa mwaka. Pierce Piano Atlas ndo kitabu wanachotumia mafundi wengi duniani kwa hili. Kupata picha ya inavyokwenda: Steinway namba 300,000 ni ya 1938, na 500,000 ni ya 1988. Ya kwako ikiwa 270,000 na kitu unajua iko kabla ya 1938, na orodha itakubania zaidi.

Bechstein, Blüthner na Steinway bado wapo, waandikie, weka picha ya namba. Kama ni Broadwood ya London una bahati kubwa, kumbukumbu zake zimehifadhiwa Surrey History Centre, Uingereza, mpaka vitabu vya wapagazi vinavyoonyesha piano ilipelekwa kwa nani.

Jina lisipotokea popote usikate tamaa na usilazimishe. Wenye maduka waliagiza piano zisizo na jina wakabandika lao. Mwaka wa orodha ukigongana na mipaka yako ya hatua ya 4, amini chombo, kisha rudi uangalie kama namba ni yenyewe.

## Hatua ya 7: Ukurasa wa pili, ilifikaje Tanga

Rudi ndani ya chombo kwanza. Toa vibonyezo vichache uangalie ubavuni. Mafundi wa kutyuni walikuwa na tabia ya kuandika kwa penseli tarehe waliyofika. Nyumba moja Raskazone, kibonyezo cha pili kutoka kushoto kilikuwa na tarehe tatu zimepangana, penseli tofauti, mwandiko tofauti, ya mwisho ni ya miaka ya hamsini, kisha kimya mpaka leo. Kimya hicho kiandike pia.

Stika ya duka: isome anuani. "Tanganyika Territory" ni enzi ya Mwingereza, kabla ya uhuru. "Tanzania" haiwezi kuwa kabla ya 1964. Bei kwa rupia inakurudisha karibu na 1920 au kabla.

Halafu watu. Unaenda kwa bibi au mzee aliyekaa na chombo, shikamoo, kaa, kunywa chai, usianze na "mwaka gani", hakuna anayekumbuka hivo. Uliza kwa matukio: "Bibi, uhuru ulikikuta humu ndani? Azimio la Arusha je? Nyumba zilipochukuliwa na Msajili wa Majumba kilikuwepo au kililetwa baadaye?" Uhuru ni 1961, Azimio 1967, majumba kutaifishwa 1971, vita vya Kagera 1978. Hapo tu umeshapata mipaka. Muulize pia kilikuwa chumba gani na nani alikuwa anakipiga, maana mtu akikumbuka mpigaji miaka inakuja yenyewe.

"Ya Wajerumani" ni jibu utakalolipata kila nyumba, lipokee kwa heshima, liandike kama alivyosema, lisiwe hitimisho. Utawala wa Wajerumani Tanga uliisha 1916, ila Wajerumani binafsi walirudi kwenye mashamba katikati ya miaka ya 1920, na piano za Kijerumani ziliuzwa kwa Waingereza, Wagiriki wa mkonge na Wahindi pia.

Kwa vinanda vya bendi tafuta picha. Albamu za wanamuziki wazee zina chombo kimoja kwenye kona ya jukwaa, ukikuza picha unaona umbo la vitufe na jina la mbele. Skani hapohapo nyumbani kwao, usiombe kuondoka nayo.

## Hatua ya 8: Karatasi

Kwa enzi ya Mjerumani kuna magazeti yake: Usambara-Post lilichapwa hapahapa Tanga, na Deutsch-Ostafrikanische Zeitung. Maktaba ya Berlin imeskani magazeti mengi ya wakati huo. Usisome habari, soma matangazo, tafuta maneno Klavier (piano), Pianino (piano ya wima) na Harmonium (harmoniamu). Waliokuwa wanarudi kwao waliuza samani, na piano ilitajwa. Kwa enzi ya Mwingereza, Tanganyika Standard lilianza 1930, matangazo ya minada ndo yako.

Kumbukumbu za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam, kuna majalada ya serikali za Kijerumani na Kiingereza. Kwa sababu ya vita kuu zote mbili mali za Wajerumani zilishikwa kama mali ya adui, kwa hiyo ukijua jina la shamba au nyumba omba majalada ya mali za adui. Piga simu kabla, uliza taratibu za kibali, usipande basi la asubuhi ukaishia getini. Na kabla ya Dar pita Makumbusho ya Urithi kwenye Boma la zamani hapa Tanga. Makanisa yana madaftari ya mali, omba kwa mchungaji au paroko kwa barua, sio kwa kuvizia.

## Hatua ya 9: Andika, ukitenganisha uhakika na kusikia

Ukurasa mmoja unatosha. Mfano wa unavyotakiwa kuonekana:

"Piano ya wima. Serial 5 tarakimu, imeonekana fremu na ubao wa nyuma. Mipaka: baada ya 1891 (D.R.G.M.), orodha ya kiwanda inasema 1911. Maungio yana skrubu za shaba. Ilikuwepo nyumbani kabla ya uhuru (bibi mwenye nyumba). Ilifika na nani: kusikia tu, 'ya Wajerumani', hakuna karatasi."

Ukiweza kuandika hivo, kila sentensi na chanzo chake, basi umemaliza, hata kama nafasi ya "ilifika na nani" imebaki wazi. Nakala moja mpe mwenye chombo, nyingine weka kwenye bahasha ndani ya chombo, chini kwenye sakafu yake isigusane na nyuzi, iandikwe kwa penseli maana wino kwenye unyevu wetu unafifia. Na serial usiikoleze kwa makapeni ili isomeke vizuri, piga picha nyingine kwa tochi ya pembeni.